Zulia Chini ya Pua

Msinicheke kwanza. Baada ya yale niliyowasimulia wiki iliyopita, nilidhani mkosi wangu umeshiba na utanipumzisha. Kumbe ulikuwa umekwenda kunawa mikono tu, ukarudi mezani.

Kwa wewe uliyekosa gazeti lile, nakupa kwa ufupi, na usiniulize tena kwa sababu kusimulia kunaniuma. Mimi ni afisa wa forodha. Kazi yangu ni kusema kitu ni nini. Mtu akileta kiti, mimi ndiye ninayesema kwamba ni kiti, na mpaka niseme hivyo hakuna wa kukikalia.

Siku ile liliingia kontena la mazulia. Mwenye mali alisema ni ya nailoni, ambayo ushuru wake ni mwepesi. Nikachomoa uzi mmoja, nikawasha kiberiti, nikainama kunusa, maana ndivyo kazi inavyotaka: sufu ikiungua hunuka nywele, nailoni hunuka plastiki. Nikasikia harufu ya nywele, tena kali. Nikaandika: sufu. Kontena likazuiwa, mwenye mali akaitwa mwongo.

Kisha nikaenda msalani, nikajitazama kwenye kioo. Nusu ya masharubu yangu haikuwepo.

Ndiyo. Nilichokuwa nanusa kilikuwa mimi mwenyewe.

Na yule mwenye mali, ambaye sasa alikuwa anamwapia kila aliyekutana naye kwamba akimpata afisa aliyemwita mwongo atamla mbichi, ndiye baba wa msichana ninayetaka kumuoa. Yeye hakujua kuwa ni mimi. Mimi nilijua kuwa ni yeye. Na Jumamosi wazee wangu walikuwa waende nyumbani kwake kunitambulisha.

Hapo ndipo nilipowaacha. Haya, sasa chekeni.

"Nyoa yote basi, yaishe," dada yangu aliniambia. Dada yangu ni msusi, tunakaa nyumba moja, na huruma alinyimwa tangu utotoni.

"Siwezi. Mzee amenipenda kwa ajili ya masharubu."

"Amekupenda? Mmeonana wapi?"

"Hatujaonana. Mchumba wangu alimwonyesha picha yangu kwenye simu. Mzee akasema mwanamume mwenye masharubu ya namna ile hana hila. Yeye mwenyewe anayo, makubwa, ana kitana chake cha kuyachania."

Dada akanizunguka kama fundi anayekagua ukuta uliopasuka.

"Na kazini umewaambiaje?"

"Navaa barakoa. Nimesema nina mafua. Bosi akiona nusu hii atajua mara moja harufu ilitoka wapi, na hapo sina kazi. Sasa bosi mwenyewe ameshikwa na mafua ya kweli, na analalamika kwamba mimi ndiye niliyemwambukiza."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akajifuta machozi, akafungua sanduku lake la nywele za bandia, akajaribisha rangi moja moja mdomoni mwangu na kuzitupa zote.

"Zinang'aa mno. Watu watadhani umetoka kula na hujafuta mdomo. Niletee kitu cha asili, cha kahawia, kisichong'aa."

Kitu cha asili, cha kahawia, kisichong'aa. Ofisini kwetu kuna droo ya vipande vya mfano, na katika droo hiyo kuna kipande cha zulia la sufu halisi, kahawia hasa, rangi yangu kabisa. Nilikata pembeni. Kidogo tu, mtu asingejua.

Dada akachukua utepe wa kitambaa cha pamba na sindano yake ya kushonea nywele, akaanza kufunga uzi mmoja mmoja kwenye kitambaa, fundo likibanwa na fundo lenzake, kisha akapunguza kwa mkasi mpaka ikawa ile nusu ya masharubu iliyokosekana, tena ya heshima. Nilipokuwa namtazama, kitu fulani cha kikazi kilianza kuniwasha kichwani.

"Dada, hivyo unavyofanya ndivyo mazulia ya bei kubwa yanavyofungwa. Fundo kwa fundo, kwa mkono."

"Basi utavaa zulia la bei kubwa. Tulia nipake gundi."

Nikatulia. Mtu akiwa na shida hutulia tu hata pale anapotakiwa kukimbia.

Kesho yake asubuhi niliingia ofisini bila barakoa, kifua mbele. Hakuna aliyeshangaa. Kwa furaha nikamsalimia hata mlinzi ambaye huwa hatusalimiani.

Kisha mlango wa bosi ukafunguka.

Bosi wangu tunamwita Bwana Lenzi, kwa sababu anavaa lenzi ya kukuzia shingoni kama wengine wanavyovaa cheni. Hakiamini kitu chochote mpaka akitazame kwa lenzi. Siku moja aliikagua keki ya kuzaliwa kwake mwenyewe.

"Wewe umepona," alisema, sauti ikimtokea puani. "Mimi ndo kwanza naanza. Chukua funguo, twende ghalani. Yule mzee wa mazulia amekata rufaa. Yuko kule anatusubiri."

Nikayapapasa masharubu. "Amekuja yeye mwenyewe?"

"Ulitaka amtume nani? Twende."

Njia nzima nilikuwa natafuta ugonjwa wa kuugua. Nilishika tumbo, Bwana Lenzi akaniambia litapoa. Nilishika kiuno, akaniambia nitembee wima. Tukaingia ghalani.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya marobota ya mazulia, masharubu yamemsimama kama ufagio mpya. Halafu akanitazama kwa kukunja macho, na nikaona kwamba usoni mwake mmepungua kitu.

"Mtanisamehe," alisema. "Nimetoka nyumbani kwa hasira, nikasahau miwani. Binti yangu ananiletea. Kwa sasa naona vivuli tu."

Nilikaribia kumkumbatia.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwa sauti nzito isiyo yangu.

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye uliyeniita mwongo?"

"Huyu ni msaidizi wangu," Bwana Lenzi akadakia, si kwa kunihurumia, ila hapendi watu wazungumze kabla ya ukaguzi. "Mzee, leo tunaanza upya. Kwanza tunalaza, tunageuza, tunatazama mgongo. Mgongo ukiwa na gundi na kitambaa kilichobandikwa, ni zulia la kuchomekwa nyuzi. Ukiwa na mafundo, ni la kufungwa kwa mkono. Ukiwa na nyuzi zilizopishana sawasawa, limefumwa kwa mashine. Tukishajua limetengenezwaje, ndipo tunauliza ni la uzi gani."

"Limefumwa kwa mashine na ni nailoni," mzee akasema. "Nimesema tangu mwanzo. Nimeapa. Mnataka nilie?"

Wapagazi wakafungua robota la kwanza, vumbi likapanda. Tukageuza. Nyuzi zimepishana vizuri, hakuna gundi, hakuna fundo. Limefumwa kwa mashine, kama alivyosema. Mimi nilipiga magoti, nikashika ukingo, nikauinua ili bosi aone. Ghala lile lina bati juu na halina dirisha. Jasho likaanza kunitiririka kutoka kwenye paji, likashuka puani, likafika mahali ambapo dada yangu alikuwa amepaka gundi.

Nikahisi upande mmoja unalegea.

Nikainua mdomo wa juu kuubana na pua. Bwana Lenzi akanitazama.

"Una nini?"

"Nafikiri, bosi."

"Usifikiri kwa mdomo."

Wakati huohuo lile vumbi likamfikia puani. Bwana Lenzi akavuta pumzi, akakaa hivyo kidogo kichwa kimeenda nyuma, kisha akapiga chafya ambayo iliangusha ubao wa kuhesabia mizigo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, usawa wa upepo.

Nilipofumbua macho, chini ya pua yangu palikuwa na baridi.

Nikatoa leso upesi nikafunika mdomo na kukohoa. Macho yangu yakakimbia sakafuni. Masharubu yalikuwa yametua katikati ya zulia, kwenye ua la kahawia, yamekaa vizuri kabisa kama yaliyochorwa pale. Nikanyoosha mkono taratibu.

"Usiguse!" Bwana Lenzi akapiga kelele.

Akapiga magoti, akaweka lenzi jichoni, na nikaona mgongo wake wote unasisimka kwa furaha.

"Haa! Mzee, hiki ni nini?"

"Sioni," mzee akasema. "Ni nini?"

"Ni kipande. Kimefungwa mafundo kwa mkono, moja moja, juu ya kitambaa cha pamba." Akakinyanyua kwa koleo ndogo, akakizungusha kwenye mwanga. "Sufu safi. Fundi aliyefanya kazi hii ni hodari sana. Kwa hiyo ndani ya mazulia haya ya mashine umeficha zulia la sufu la kufungwa kwa mkono, aina ya ghali kuliko zote!"

"Mimi? Nimeficha nini?"

"Wote husema hivyohivyo."

Mpagazi mmoja akasogea kutazama. "Bosi, mbona limepinda huku na huku?"

"Ni ukingo," Bwana Lenzi akamjibu kwa ukali. "Ni pambo la ukingoni. Kaa mbali."

Basi mambo yakaharibika kwa kasi. Bwana Lenzi akatangaza kwamba marobota yote yatafunguliwa, kwamba mali itashikiliwa, kwamba suala limetoka mikononi mwetu na litakwenda kwa wapelelezi. Mzee akatafuta mahali pa kukaa, hakupaona, akakaa juu ya zulia lake. Masharubu yake yakalala.

"Nimekwisha," alisema. "Na Jumamosi nina wageni, wanakuja kumtaka binti yangu. Nitawatazamaje watu mimi, mshitakiwa? Nitawapigia wasije. Hakuna cha Jumamosi wala nini."

Nilikuwa nimesimama na leso mdomoni, na maneno yote yamo nyuma ya leso.

Ndipo mlango wa ghala ukasukumwa, akaingia mchumba wangu na miwani ya baba yake mkononi.

Akanikuta mimi kwanza. Akatazama leso. Akatazama Bwana Lenzi, koleo, na kile kilichoning'inia kwenye koleo. Akarudi kwangu. Mchumba wangu ni mwepesi wa kuelewa, ndiyo sababu namwogopa kidogo. Nikamwona anaelewa, hatua kwa hatua, na macho yakimtoka kila hatua.

Akapita karibu yangu akajifanya anarekebisha kiatu.

"Hicho ni chako?" akanong'ona.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema basi!"

"Nikisema nimekwisha. Kazi sina, na baba yako atajua ni mimi niliyemwita mwongo."

"Usiposema tumekwisha wote wawili. Unaoa kwa nani, baba akiwa ndani? Chagua."

Akaenda kumvalisha baba yake miwani. Mimi nikabaki na nafsi yangu, ambayo siku hiyo haikuwa na ushauri wowote wa maana. Nampenda msichana yule. Nilijiona mzee wa miaka ijayo, nimekaa na dada yangu sebuleni, ananicheka kila jioni. Nikapiga moyo konde.

"Bosi," nikasema, "hilo si zulia."

"Ni nini?"

"Ni masharubu yangu."

Bwana Lenzi akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa.

"Masharubu hayafungwi mafundo."

Nikaondoa leso. Nusu huku ipo, nusu huku hakuna. Mpagazi mmoja alitoa sauti ya mlango mbovu, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nikamwaga yote: uzi, kiberiti, kuinama, nywele, droo, dada, sindano. Nilipofika kwenye dada, wapagazi wote walikuwa wamekaa chini.

"Thibitisha," Bwana Lenzi akasema.

Ikabidi niyavae. Mbele ya bosi, mbele ya wapagazi, mbele ya mkwe, nikayabandika. Bwana Lenzi akanijia na lenzi mpaka pumzi yake ikanipiga usoni, akakagua upande wa kushoto, akakagua wa kulia, akapima kwa rula. Alichukua muda wake. Hatimaye akashusha lenzi kwa majonzi.

"Yanakaa," alisema. "Na kikazi, zulia ni kitu ambacho uso wake hukaa juu pale kinapotandikwa sakafuni. Hiki hakitandikwi sakafuni. Kinatandikwa mdomoni. Si zulia."

Sasa mzee akainuka. Miwani ilikuwa imemkaa, na alikuwa ananitazama hasa. Akatoa simu, akaipapasa, akaipandisha karibu na uso wangu, akawa anatazama simu, ananitazama mimi.

"Wewe ndiye yule wa kwenye picha."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ndiye uliyeniita mwongo."

"Ndiyo, mzee."

Nikafumba macho ili nipigwe vizuri. Badala yake nikajikuta nimebanwa kifuani mwake, masharubu yake yakiniwasha shingo.

"Huyu ndiye!" alipiga kelele. "Mtu anajiaibisha mbele ya watu, anaweka kazi yake rehani, kwa sababu hataki uongo umdhuru mwenzake! Mimi binti yangu simpi tajiri, simpi msomi. Nampa mkweli. Jumamosi njooni, na msichelewe!"

Mchumba wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilitaka kuikatisha hadithi hii hapohapo, nikaombe picha yetu ya harusi iwekwe gazetini. Ningejua, ningekimbia nje ya ghala nikiwa bado nimekumbatiwa.

"Subirini," Bwana Lenzi akasema.

Tukageuka.

"Kama siku ile ziliungua nywele zake, na leo nilichokikamata ni masharubu yake, basi mazulia yenyewe hayajapimwa hata mara moja. Kiberiti kiko wapi?"

"Ah, bosi," mzee akasema upesi, huku mkono wake ukiniachia bega. "Haina haja tena. Mambo yamekwisha. Tumeshakuwa ndugu."

"Forodha haina ndugu." Bwana Lenzi akanigeukia. "Wewe uliyeharibu ndiye utakayetengeneza, mbele yetu sote. Mimi pua imeziba, na yako siitegemei tena. Tutatazama majivu. Nailoni ikiungua huyeyuka, ikipoa inakuwa ngumu kama shanga. Sufu inakuwa jivu, ukilibonyeza linasagika. Choma."

Nikachomoa uzi katikati ya zulia. Upepo ulikuwa unaingia mlangoni, nikawapa wote mgongo ili moto usizimike. Nikaushika mbali na uso wangu, mkono umenyooka wote, pumzi nimeibana, maana nusu iliyobaki niliihitaji. Gari la kunyanyulia mizigo likapita nje likitapika moshi, ghala lote likanuka dizeli. Uzi ukawaka, ukajikunja, ukazima. Nikakidondosha kiganjani mwangu kilichobaki, nikafunga ngumi upepo usikipeperushe.

Nilikuwa na uhakika, wapenzi wasomaji. Mzee alikuwa ameapa. Nilisukuma kidole gumba ndani ya ngumi kutafuta ile shanga, nimuonyeshe bosi, nipokee mke.

Hakukuwa na shanga. Kilichokuwemo kikasagika laini kama poda.

Nikakisaga tena, labda nimekosea. Nikakisaga mpaka hakukuwa na cha kusaga.

Nikamgeukia mzee polepole. Alikuwa amenisogelea, anatabasamu, lakini paji lake lilikuwa linameremeta jasho, na chini, pale ambapo wengine hawaoni, kiatu chake kilikuwa kimepanda juu ya kiatu changu na kinakandamiza.

"Fungua, mkwe wangu, waone," alisema. Sauti ilikuwa imemwisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniita mkwe.

"Fungua kiganja," Bwana Lenzi akasema, akapandisha lenzi jichoni.

Na mchumba wangu, ambaye hakujua lolote, akaja akasimama kando ya baba yake akamshika mkono, ananitazama kwa fahari, akingoja niseme kweli mara ya pili.